Benchi Mlangoni kwa Shangazi

Mlangoni kwa shangazi kulikuwa na benchi, na ole wako ukae juu yake kupumzika. Lilikuwa limezuia kizingiti kizima, ukuta hadi ukuta, usingeweza kuingia sebuleni bila kulivuka. Na kulivuka kulikuwa na utaratibu wake. Unakaa, uso ukiangalia nje. Unavua kiatu kimoja. Unainua mguu, unauzungusha juu ya benchi mpaka upande wa ndani, unauvalisha ndala inayokusubiri huko, ndipo unaukanyagisha sakafuni. Kisha mguu wa pili. Ukigusa sakafu ya ndani kwa kiatu cha nje, unarudi ulikotoka, unaanza upya.

"Umegusa," shangazi angesema kutoka kwenye kiti chake, bila hata kugeuza shingo. "Rudi."

Mwenyekiti wa mtaa, mtu ambaye tumbo lake lilifika kila mahali kabla yake, alirudishwa mara nyingi siku moja hata akachoka, akatangaza mkutano akiwa amekaa palepale, mguu mmoja hewani kama jogoo anayefikiria jambo. Watu wakampa shangazi jina la Bi Benchi. Walilisema kisogoni, lakini alilijua, na moyoni lilimkaa vizuri.

Utaratibu wenyewe ulitoka kiwandani. Shangazi hakuwahi kufanya kazi kule hata siku moja. Aliupata kwa binti wa kaka yake, aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni na ambaye alikuwa kibarua huko. Binti alipoanza kazi alirudi nyumbani akasimulia kwamba ndani kuna benchi, huku ni upande mchafu, kule ni upande safi, na hakuna anayevuka ila kwa viatu vya kule. Alisimulia kama kichekesho. Shangazi hakucheka. Siku ya pili yake alikuwa kwa seremala.

"Mbao nzuri," alimwambia. "Ukubwa ni wa mlango wangu. Mimi sitaki kuishi upande mchafu."

Tangu siku hiyo mtaa mzima ulikuwa upande mchafu, na nyumba ya shangazi peke yake ndiyo ilikuwa upande safi.

Kiwanda chenyewe kilikuwa nyuma ya nyumba. Watu walikiita Dawani. Kilianza kama bohari moja la bati, na mtambo mmoja wa kuchanganyia unga ulionguruma kama mawe ndani ya sufuria. Kikaota mkono, kikashika uwanja wa mpira wa shule, kikaufanya maegesho ya malori. Kikaota mguu, kikakanyaga kibanda cha fundi baiskeli, mzee mcheshi aliyeitwa Fundi Spoki. Kikaanza kupika dawa za maji za watoto, zenye harufu ya ndizi mbivu, na siku za ndizi mtaa wote ulinukia kama tumbo la mtoto mchanga. Maji matamu yalivuja hadi kwenye mtaro. Sisimizi wa mtaa ule walinona hadi wakawa wanatembea polepole kama matajiri.

Kila kiwanda kilipotaka kuota kiungo kingine, mkutano uliitishwa. Turubai likafungwa, viti vya plastiki vikapangwa, watu wakagawiwa kalenda yenye picha ya mtoto anayecheka, mtoto ambaye hakuna aliyemjua. Na kila mara shangazi alisimama, akajifunga kanga vizuri, akasema.

"Acheni roho mbaya, ndugu zangu! Kiwanda ni chetu. Wewe unalilia kibanda, wenzako huko nje wanapona kwa dawa za hapa. Utahama, utazoea. Mtu hafi kwa kuhama."

Watu wa kiwanda walipiga makofi mpaka viganja vikawa vyekundu. Fundi Spoki alihamishiwa kwenye mteremko wa mawe nje ya mji, mahali ambapo baiskeli yenyewe ilibidi ibebwe. Waliahidi kwamba ghala litakalojengwa kwenye kiwanja chake litaitwa kwa jina lake, naye akakubali kwa furaha, maana hakuwa na mtoto wa kumrithi jina.

Sasa, huyo binti. Kazi yake Dawani ilikuwa kuangalia. Vidonge vilipita mbele yake kwenye mkanda, vikiwa vimeshafungwa kwenye pakiti zake bapa, na yeye alitafuta pengo, yaani ile nafasi ambayo kidonge kimekosekana. Akiliona, anaichomoa pakiti. Basi. Asubuhi nzima. Wenzake midomo iliwawasha, wengine usingizi uliwachota wamesimama. Yeye aliangalia tu. Hata akiwa nyumbani hakuweza kuacha. Mtu akisema naye, aliyaangalia maneno yakipita, akingoja penye pengo.

Tatizo lilikuwa mkataba. Ulikuwa wa miezi michache, ukiisha unaongezwa mingine michache, mwaka baada ya mwaka, kama mgonjwa anayepewa dozi nusu ili arudi tena. Wenye ajira ya kudumu walikuwa na kabati lao la nguo, lenye ufunguo. Vibarua walitundika vyao kwenye msumari. Binti alilitamani lile kabati kuliko alivyowahi kutamani kitu chochote.

Mchana mmoja, akiwa uani anakula, alifuatwa na mtu wa ofisini. Kazi yake ilikuwa kupatana na majirani, na watu walimwita Bwana Ujirani. Alikuwa na meno mengi na hakuyaficha.

"Dada, habari ya shangazi yetu?"

"Mzima."

"Yule mama ni hazina. Nasema kweli. Tungekuwa na watu kumi kama yule!" Akaketi, akashusha sauti. "Sasa tunaongeza sehemu ya matone ya macho. Hiyo inataka usafi wa ajabu. Wataalamu wamepima wakapima, na unajua imeangukia wapi? Pale pale kwenu."

Binti aliacha kutafuna.

"Usiogope! Fidia ipo, kiwanja kipo, kule kwa Fundi Spoki, hewa safi kabisa. Na jengo litaitwa kwa jina lake shangazi. Wewe msaidie kuelewa tu. Nasikia na mkataba wako unaisha?"

"Unaisha mwezi huu."

"Unaona? Mambo yanakwenda pamoja. Yeye akitia sahihi, mimi mwenyewe nitakushika mkono hadi kwa mkuu wa wafanyakazi. Ajira ya kudumu. Kabati lako, ufunguo wako."

Binti alijibu kwamba atafikisha salamu. Mkanda ulipowashwa tena, kwa mara ya kwanza pakiti yenye pengo ilimpita, ikabidi aikimbilie.

Nyumbani alikuta amechelewa. Bwana Ujirani alikuwa ameshampigia simu shangazi, na shangazi alikuwa amevimba kama mkate kwenye tanuri.

"Umesikia mwanangu? Jengo! Kwa jina langu! Herufi kubwa juu ya mlango!" Alikuwa akilipangusa benchi kwa kitambaa. "Na nimewaambia, hili ndilo litawekwa pale mlangoni, si jingine. Wamekubali bila kusita."

"Shangazi, nyumba hii aliijenga marehemu mume wako kwa mikono yake."

"Mume wangu angekuwa wa kwanza kupiga makofi."

"Na wapangaji wako wa vyumba vya uani?"

"Watahama, watazoea."

Binti alivua kiatu cha pili, akauzungusha mguu, akakanyaga upande safi. Akasema taratibu, "Jina la Fundi Spoki wameliandika kweli. Liko kwenye chumba wanachotupia dawa mbovu. Ukitumwa huko unaambiwa, peleka kwa Spoki."

Shangazi alimtazama kama aliyemkuta na kucha chafu.

"Kijicho kimekuanza lini wewe?"

"Si kijicho, shangazi."

"Watu wanataka kunipandisha, wewe mtoto niliyekubeba mgongoni unanivuta kanga! Na wewe si utapata hiyo kazi ya kudumu? Au hutaki?"

Binti aliinama kuvipanga viatu vyake. Alitaka. Ukweli alikuwa ameshautoa, ukarudishwa kama mwenyekiti pale kizingitini. Akimwacha shangazi aende na furaha yake, kabati ni lake, na hakuna atakayemlaumu. Lakini kila akifumba macho alimwona shangazi kwenye mteremko wa mawe, mbele ya kibanda kisicho na mlango wa kuweka benchi, akimsubiri mtu wa kumwambia amegusa.

Siku ya kutia sahihi ilipangwa. Kabla yake ilikuwepo Siku ya Majirani, ile siku moja katika mwaka ambapo mtaa unakaribishwa kuingia kiwandani kuona. Bwana Ujirani alileta mwaliko mwenyewe. "Aje mgeni wetu wa heshima!" alisema akiwa amesimama nje ya mlango, maana alishaambiwa habari za benchi na suruali yake ilikuwa ya kubana.

Wiki nzima shangazi alijiandaa kama bibi harusi, ila kinyumenyume. Alivua hereni. Alikata kucha. Aliacha manukato. Nywele alizibana zote ndani ya kitambaa hata uso ukavutika nyuma. Jioni alifanya mazoezi ya kuvuka, mguu huu, mguu ule, laini kama maji.

"Watashangaa," alisema. "Watauliza, huyu amefunzwa wapi?"

Binti alikuwa amekaa kwenye mkeka, anaangalia. Alijua jambo moja ambalo shangazi hakulijua. Aliliona likija, pengo kubwa, wazi kabisa, linapita kwenye mkanda mbele ya macho yake. Angeweza kuichomoa pakiti. Mdomo ulifunguka.

"Nini?" akauliza shangazi, mguu hewani.

"Umeweza," akasema binti. "Hujagusa."

Siku ikafika. Majirani walikuja wamejipulizia marashi ya kila aina, wakavalishwa mifuko ya bluu miguuni, wakapangwa mstari. Shangazi alitembea mbele yao wote, uso mkavu, hereni hakuna. Fundi Spoki naye alikuja, ameshuka kutoka kwenye mawe yake, akamwita, "Bi Benchi! Leo unakwenda kumwona mama mzazi wa benchi lako?" Hakujibiwa.

Wakafika kwenye chumba cha kubadilishia. Na lile pale: benchi la chuma, limezuia chumba kizima, ukuta hadi ukuta. Ng'ambo yake sakafu iling'aa kijani. Na ng'ambo hiyo alisimama binti katika koti jeupe, kofia, kitambaa mdomoni, macho tu yakionekana, maana mkanda ulikuwa umesimamishwa ili wafanyakazi wawapungie wageni mkono.

Wageni walielekezwa kushoto, kwenye ujia wa kioo. Shangazi akaenda kulia. Akaketi juu ya benchi, uso ukiangalia nje. Akavua kiatu kimoja pamoja na mfuko wake wa bluu. Akainua mguu, akauzungusha, polepole, kwa raha zake, mtaa mzima ukitazama.

"Mama! Mama! Mguu huo!" Mwanamke anayelinda benchi alikuja mbio. "Rudisha!"

"Sijagusa," alisema shangazi, mguu umesimama hewani.

"Hata kama hujagusa. Wageni hawavuki."

"Mimi najua kuvuka. Mwulize mwanangu yule."

"Mama, majirani ni upande mchafu. Rudisha mguu, tafadhali."

Alisema bila ubaya wowote. Ndiyo maneno ya kazi, aliyasema kila siku. Lakini nyuma ya mstari mtu mmoja akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi, na kicheko kikaanza kupita chini ya viganja vilivyoziba midomo, kutoka kwa huyu hadi kwa yule. Wote hao walikuwa wameshawahi kurudishwa kizingitini kwa shangazi.

Shangazi aliyatafuta yale macho juu ya kitambaa. "Mwanangu, waambie."

Sheria ilikuwa ndiyo hiyo. Macho ya binti yalibaki pale, hayakukimbia.

Bwana Ujirani alifika, meno mbele. "Mama yetu! Usilitie moyoni. Hapa hata mimi sivuki!"

Shangazi aliurudisha mguu. Akavaa kiatu chake cha nje, akachukua muda kukifunga. "Jengo langu likiisha," aliuliza, "mimi nitasimama wapi?"

"Kwenye kioo, mama! Tutakuwekea nafasi nzuri sana ya kutazama."

"Na benchi langu?"

"Lile la mbao?" Akacheka kwa upendo. "Mbao haziruhusiwi ndani, mama. Mbao zina wadudu."

Shangazi alisema kichwa kinamuuma. Na kweli kilimuuma, uso ulikuwa umebadilika. Akaomba kidonge. Bwana Ujirani akamtazama mwanamke wa benchi, mwanamke wa benchi akamtazama mlinzi, mlinzi akaangalia dari.

"Hapa hatuna dawa, mama," akasema mlinzi hatimaye.

"Hapa?"

"Zipo, ila zina wenyewe. Vuka barabara, duka la dawa liko wazi."

Mwenye duka la dawa alimpa vidonge viwili na maji. Shangazi aliigeuza pakiti, akaona vimetengenezwa nchi ya mbali. "Za hapo ng'ambo ya ukuta huna?"

"Za hapo?" Mwenye duka alikuwa anamfukuza sisimizi mmoja mnene kwenye meza. "Za hapo huwa naona malori tu, mama."

Binti aliporudi jioni alimkuta shangazi amekaa juu ya benchi, mgongo umeegemea mwimo wa mlango, miguu imenyooshwa. Amekaa tu, kama mtu yeyote kwenye benchi lolote. Hakujua aingilie wapi, akasimama nje.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukaniacha niinue mguu mbele ya Spoki."

"La Spoki nilikuambia, shangazi, ukasema nina kijicho."

Ng'ambo ya ukuta walikuwa wanapika ndizi. Harufu ikaja, nzito, ikajaza mlango.

"Wamempa kweli jina la chumba cha takataka?"

"Herufi kubwa," akasema binti. "Juu ya mlango."

Shangazi alitaka kukasirika, lakini kicheko kilimtoka kwanza, kifupi, kikali kama chafya. Akasogea pembeni, akapiga-piga mbao. "Kaa basi. Unasimama nje kama mdai."

Siku ya sahihi walikuja na mpiga picha. Bwana Ujirani alivaa suruali pana. Alikuwa amejifunza kuvuka, mwenyekiti wa mtaa ndiye aliyemfunza, kwenye benchi la kwenye baraza lake. Shangazi alikuwa ndani, kwenye kiti chake. Binti alikuwa amesimama nyuma yake, na siku hiyo mkataba wake ulikuwa unapumua pumzi za mwisho.

"Karibuni," alisema shangazi.

Bwana Ujirani akaketi. Akavua kiatu kimoja, soksi nyeupe mpya. Akainua mguu, akauzungusha vizuri sana, jasho likimtoka, akaushusha ndani ya ndala bila kugusa popote. Akageuka kutafuta sifa.

"Hongera," alisema shangazi. "Hujagusa."

"Ahsante, mama!"

"Sasa urudishe. Wageni hawavuki."

Mpiga picha alikuwa ameshabonyeza. Picha hiyo haikutumika popote, lakini mtaa wote uliiona: mtu mwenye meno mengi, ameyafunga.

"Mama, tulikubaliana—"

"Semeni tu hukohuko, nawasikia. Nimewawekea nafasi nzuri sana ya kutazama."

Mwenyekiti aliingilia, sauti ya kubembeleza. "Dada yangu, fikiria maendeleo. Wewe si ndiye uliyekuwa unatuambia, mtu hafi kwa kuhama?"

Hapo palimchoma. Binti, kwa nyuma, aliona shingo yake ikikaza. "Nilisema," alijibu shangazi. "Nilisema vibaya, na wewe ulipiga makofi. Nendeni salama."

Bwana Ujirani, akifunga kamba za kiatu, aliinua macho juu ya bega la shangazi. "Na wewe dada? Hulioni kabati linakupita?"

Binti aliliona. Aliliona na ufunguo wake, linapita taratibu kwenye mkanda. Aliweka mkono juu ya kiti cha shangazi.

"Naliona," alisema.

Mkataba haukuongezwa. Msumari wake akapewa mtu mwingine. Mwenye duka la dawa alimchukua kumsaidia kupanga rafu na kuchomoa zilizopitwa na tarehe, kazi ileile ya kuangalia, ingawa ya nusu siku tu, na yeye hakujidanganya kwamba ni sawa na ile aliyoikosa. Kiwanda nacho hakikulia. Kilijenga matone ya macho kwa kupanda juu, kikaizunguka nyumba ya shangazi pande tatu kama mtu aliyekunja mikono kwa hasira, na jua sasa linafika uani kwake mchana tu.

Benchi lilitolewa mlangoni. Likawekwa nje, ukutani, na asubuhi vibarua wanaosubiri kengele hukaa hapo, viatu vyao vyenye vumbi vikining'inia, wakimfukuzia shangazi sisimizi na kumtania kwa jina lake. Kizingiti kikabaki wazi. Lakini miguu ya mtaa haikusahau upesi.

Juzi mwenyekiti alikuja kutangaza mkutano: turubai, viti, kalenda. Kiwanda kinataka kuota upande wa pili, kwenye nyumba za mafundi cherehani.

"Tunakutegemea usimame useme, kama kawaida yako," alisema.

"Safari hii nitasema," alisema shangazi. "Ingia unieleze vizuri ni lini."

Mwenyekiti alifika mlangoni, akasita. Akavua kiatu. Akajishika mwimo, akauinua mguu juu, juu kabisa, kuvuka mahali ambapo hapakuwa na kitu, tumbo likimyumbisha huku na huko. Binti aliyekuwa anakunja nguo alijifunika uso kwa shuka ili kicheko chake kisisikike.

"Gusa, baba," alisema shangazi. "Gusa tu."